Mtumbwi anaopanda mwanao una umbo gani?

Upana, tumbo na ukingo wa chombo huamua mengi kuhusu kama familia itafika ng'ambo salama. Mzazi anaweza kuvikagua kwa macho kabla ya kulipa nauli.

Tunduma. Shule zikifungwa, stendi hujaa watoto. Wana mabegi mgongoni, na wakubwa wameshika mikono ya wadogo zao. Mzazi ambaye hawezi kuacha duka anawakabidhi kwa kondakta, anarudia jina la bibi atakayewapokea na kusoma namba ya simu mara mbili. Wengine wanateremka Kamsamba na Ivuna kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Wengine wanapitia Mkwajuni kwenda vijiji vya wavuvi, na wapo wanaovuka hadi mkoa jirani wa Mbeya, kwa ndugu wa Kyela na Matema kando ya Ziwa Nyasa.

Kabla basi halijaondoka mzazi hukagua mengi. Hutazama tairi, humtazama dereva usoni, huuliza kama gari litajaza njiani. Tunduma ni mji wa malori na watu wake wanajua chombo cha barabarani kilichochoka kinavyoonekana.

Lakini safari za likizo haziishii barabarani. Huko mbele kuna mjomba anayekwenda kutega nyavu na mpwa wake anataka kumsindikiza. Kuna mto uliojaa na shamba liko ng'ambo. Kuna binamu wenye mtumbwi na mchana mrefu usio na kazi. Hapo mzazi aliyejua kukagua tairi hana la kukagua, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuusoma mtumbwi.

Mtumbwi unasomeka, na wala haihitaji kuwa fundi au mvuvi.

Kwa nini ukurasa wa familia uzungumzie mitumbwi

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 inakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ukiwajumlisha na wale wa miaka 5 hadi 14, watoto wanazidi watu 2 katika kila 5 waliopotea. Vifo vingi mno kati ya hivyo vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako maji si mahali pa kuchezea tu. Ni njia ya kwenda shambani, sokoni na kazini.

Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Miongoni mwa hatua ambazo WHO inazisisitiza ni kuwafundisha watoto kuogelea, kuwafundisha watu wazima uokoaji, na kusimamia usalama wa vyombo vidogo vya majini. Hapa nchini, kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.

Hata hivyo mtumbwi wa mjomba haupiti mbele ya mkaguzi kila asubuhi. Mkaguzi wa mwisho ni mtu mzima aliyesimama ufukweni akiwa na mtoto mkononi.

Maji ya Songwe hayafanani

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, una mito miwili inayochanganya hata wenyeji kwa sababu yote inaitwa Songwe. Mmoja unatiririka kuelekea Ziwa Rukwa. Mwingine unapita Ileje ukitenganisha Tanzania na Malawi, kisha unamwaga maji Ziwa Nyasa. Kuna pia mto Momba, ambao sasa una daraja linaloiunganisha Kamsamba na Kilyamatundu upande wa Rukwa. Daraja limewapunguzia watu wengi safari ya mtumbwi, lakini mvua zikikolea vijito visivyo na daraja hugeuka kuwa mito kwa usiku mmoja.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka nje. Maji yake ni ya magadi na yamechafuka kwa tope, na kina chake ni kifupi, mita chache tu sehemu kubwa ya ziwa. Ukingo wake husogea mbele na kurudi nyuma kufuata mvua za miaka. Wageni husikia "kina kifupi" wakadhani maana yake ni salama. Kwa mtoto wa miaka 7, mita 2 na mita 200 ni kitu kimoja. Zaidi ya hapo, kwenye maji ya kina kifupi upepo hauchukui muda kuinua mawimbi mafupi, yaliyosimama na yanayofuatana karibu karibu. Chombo kidogo hakipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi moja na jingine. Mtoto akizama kwenye maji yenye tope haonekani hata akiwa hatua moja kutoka kwa anayemtafuta. Na Rukwa ina mamba na viboko.

Ziwa Nyasa ni jambo jingine. Ni refu, lina kina cha mamia ya mita, na upepo wa kusini unaweza kusafiri njia ndefu juu ya maji kabla ya kufika Matema, ukija na mawimbi makubwa nyuma yake.

Kwa hiyo mtumbwi mzuri wa mahali pamoja si lazima uwe mzuri mahali pengine. Mafundi wa zamani walilijua hilo, na ndiyo maana mitumbwi ina maumbo tofauti.

Anza na lori la Senjele

Anayetaka kuelewa mtumbwi na afikirie kwanza lori kwenye mteremko wa Senjele wilayani Mbozi. Malori mawili yanaweza kubeba tani zilezile, moja likiwa na mabati yaliyolala chini, jingine likiwa na magunia ya mkaa yaliyopangwa hadi angani. Kila dereva anajua lipi litaanguka kwenye kona. Uzito ni uleule ila umekaa mahali tofauti.

Mtumbwi unafuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa barabara yake inacheza. Kuna nguvu mbili zinazoshindana. Uzito wa chombo, watu na mizigo unasukuma kwenda chini. Maji yanasukuma kwenda juu. Mtumbwi ukiegama kulia, upande wa kulia huzama zaidi, na maji ya upande huo husukuma kwa nguvu zaidi ili kuurudisha. Uzito ukiwa chini, kusukuma huko kunatosha na chombo kinarudi. Uzito ukiwa juu sana, uzito wenyewe unaendelea kuvuta kuelekea kulia, na chombo kinapinduka.

Mengine yote kuhusu umbo la mtumbwi yanatokana na mashindano hayo.

Upana: sentimita chache zenye uzito mkubwa

Jambo la kwanza la kutazama ni upana wa chombo pale maji yanapogusa ubavu. Watu wengi hudhani mtumbwi uliopanuka kidogo unatulia kidogo zaidi. Hesabu inasema vingine. Kwa urefu uleule, upana ukiongezeka mara 2, nguvu ya umbo kupinga kuegama huongezeka mara 8. Mtumbwi wa sentimita 75 umeupita wa sentimita 60 kwa sentimita 15 tu, lakini nguvu hiyo inakaribia kuwa mara 2.

Ndiyo maana mtumbwi wa gogo, ambao hauwezi kuwa mpana kuliko mti ulioutoa, huwa mwepesi kuyumba. Kadiri miti mikubwa inavyoadimika, magogo yanazidi kuwa membamba. Mtumbwi wa mbao hauna kizuizi hicho, fundi anaweza kuutanua anavyotaka.

Upana nao una gharama. Chombo kipana ni kizito kukisukuma kwa kafi, na upepo ukivuma kinachelewa kufika. Kwa mvuvi aliye peke yake huo unaweza kuwa usumbufu. Kwa mama mwenye watoto wawili, kuchelewa dakika 10 ni bei nafuu.

Watu wa pwani walipata njia nyingine. Ngalawa ya Bagamoyo na Zanzibar ni gogo jembamba, mara nyingi la mwembe, lililofungiwa mirengu, yaani mbao zinazoelea pande zote mbili. Chombo kinabaki chembamba na chepesi, lakini mbele ya mawimbi kinatenda kama chombo kipana sana. Ufundi wa namna hiyo unaonekana pia kwa mabaharia wa visiwa vya Asia na Pasifiki.

Tumbo: bapa au mviringo?

Jambo la pili ni tumbo la chombo, sehemu isiyoonekana kikiwa majini. Mwombe mwenyewe akuoneshe kikiwa kimevutwa nchi kavu.

Mtumbwi wenye tumbo bapa hutulia unapoingia. Hautikisiki, mtoto anacheka, mzazi anashusha pumzi. Utulivu huo ni wa kweli maji yakiwa kimya, kwa mfano kwenye bwawa au kijito kinachokwenda taratibu. Tatizo linakuja na mawimbi. Tumbo bapa hufuata uso wa maji kama sahani iliyowekwa juu ya kitambaa. Wimbi likiinuka upande mmoja, chombo nacho kinalala kufuata mteremko wa wimbi. Kikifikia kikomo chake hakitoi onyo la kutosha, kinageuka ghafla.

Mtumbwi wenye tumbo la mviringo ni kinyume chake. Unapoingia unacheza, na mgeni anashika kingo kwa mikono miwili. Lakini wimbi linaweza kupita chini yake bila kuulazimisha kulala nalo. Mzoefu anaupenda kwa sababu hiyo. Asiyezoea anaogopa, anasimama au anaruka upande mmoja, na hapo anajiletea lile alilokuwa analiogopa.

Kati ya hayo mawili kuna tumbo lililopinda kidogo, na kuna lile lenye mkuku, ubao unaopita katikati chini kutoka mbele hadi nyuma. Mitumbwi mingi ya mbao ya Ziwa Victoria ina mkuku. Huo humsaidia nahodha kushika njia, chombo kisisukumwe kando na upepo.

Basi mzazi asikipime chombo kwa jinsi kinavyotulia ufukweni. Swali la kumuuliza mwenye mtumbwi ni hili: chombo hiki kinafanyaje upepo ukiinuka?

Ubavu na ukingo: kipimo cha shubiri

Jambo la tatu ni mbavu. Zikitanuka kwenda juu, chombo kinapoegama sehemu pana zaidi inaingia majini na kukisukuma kurudi. Pia wimbi linarushwa nje. Zikirudi ndani kama mdomo wa chungu, mpiga kafi anayafikia maji kwa urahisi na nafasi ya wimbi kuingia ni ndogo, lakini chombo kikiegama sana hakina akiba ya kukirudisha.

Magogo ya Ziwa Nyasa ni mfano mzuri. Mengi yamechongwa na mdomo mwembamba, tumbo likiwa mviringo na pana kuliko mdomo. Maji hayaingii kirahisi. Lakini mtu mzima haenei ndani, hivyo anakaa juu ya kingo, uzito wake ukiwa juu. Kijana wa Matema aliyekua juu ya gogo hilo anajisawazisha bila kufikiri, kama mwendesha baiskeli. Mtoto wa Tunduma aliyekuja likizo hana mwili uliofundishwa hivyo, hata kama wana umri mmoja.

Kisha kuna ukingo. Kipimo rahisi ni shubiri. Watu wote na mizigo wakishaingia, weka kiganja ubavuni, kidole gumba usawa wa maji na kidole kidogo kuelekea juu. Ukingo ukiwa chini ya shubiri moja, mtu au mzigo ushuke.

Kipimo hicho kina sababu. Kwenye mtumbwi wa upana wa sentimita 75 ambao ukingo wake uko sentimita 10 juu ya maji, kuegama nyuzi 15 kunatosha kuufikisha ukingo majini. Hizo ni nyuzi za mtu anayegeuka kutazama ndege. Ukingo ukiwa sentimita 20 juu, chombo kinahitaji kuegama nyuzi 28 hivi kabla maji hayajaingia, na hapo nahodha amepata muda wa kurekebisha.

Urefu: kwenda moja kwa moja au kukata kona

Mtumbwi mrefu ulionyooka chini hushika njia na huenda kasi, lakini kuugeuza ni kazi. Mfupi ulioinuka mbele na nyuma hugeuka haraka, ila ziwani unayumbayumba na kumchosha mpiga kafi.

Kwenye kivuko cha mto wenye magogo na mkondo, au mahali ambapo kiboko anaweza kuibuka, uwezo wa kugeuka una thamani. Kwenye safari ndefu ziwani, uwezo wa kushika njia ndio unaohesabika, kwa sababu mtumbwi unaogeuzwa na upepo unaishia ubavu ukiwa mbele ya mawimbi. Ubavu ndio upande mbaya zaidi wa kupokea wimbi.

Mizigo nayo inabadili tabia hiyo. Uzito mwingi mbele huzamisha kichwa cha mtumbwi na kufanya nyuma ipeperushwe. Uzito mwingi nyuma huinua kichwa, na upepo unakigeuza. Mizigo ikae katikati na chini, chombo kilale sawasawa.

Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, wamekuwa wakivipeleka sokoni kwa mitumbwi. Vyungu ni vizito, vinavunjika na vinabingirika. Kupanga mzigo wa aina hiyo bila kuupoteza ni elimu ya utulivu wa chombo, hata kama haikuandikwa daftarini.

Maji ya ndani ni abiria asiyetulia

Watoto huona maji kidogo ndani ya mtumbwi kuwa mchezo, na watu wazima huyazoea. Mtumbwi wa urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 70, wenye sakafu bapa, ukiwa na maji ya kina cha sentimita 5 tu, umebeba takribani lita 175. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 175. Huo ni uzito wa watu wazima wawili na ushee, na watu hao hawakai. Mtumbwi ukiegama kulia wote wanakimbilia kulia, ukirudi kushoto wanakimbilia kushoto.

Kwa sababu hiyo kopo la kuchotea maji si la hiari. Likose kuonekana, mzazi aulize liko wapi. Na mtumbwi unaovuja ukiwa umefungwa ufukweni hautaacha kuvuja katikati ya ziwa.

Marejeo ni ngamani

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Methali ina maana zake pana, lakini kwa familia iliyo ndani ya mtumbwi ichukuliwe kama ilivyo: mahali pa mtoto ni chini, katikati. Asikae kwenye ukingo wala kichwani mwa chombo, na asisimame.

Mtu mzima anaposimama, sehemu kubwa ya uzito wake hupanda karibu mita moja juu ya sakafu. Mtumbwi uliotulia watu wakiwa wamekaa unaweza kupinduka kwa mtu mmoja aliyesimama kupokea simu. Chombo kikiyumba, mwili hutaka kuinuka. Afundishwe mtoto kinyume chake: chombo kikiyumba, shuka chini zaidi na ukae kimya.

Mama mwenye mtoto mgongoni yuko kwenye hatari mbili. Uzito wa mtoto uko juu, na kanga iliyofungwa kwa fundo ni ngumu kufunguka ikiwa imelowa. Chombo kikipinduka, mama anaweza kuelea huku uso wa mtoto uko chini ya maji. Kama ipo njia nyingine ya kuvuka, hata iwe ndefu, mtoto mchanga apitishwe njia hiyo. Ikilazimu mtumbwi, mbeleko ifunguliwe kabla ya kuingia, mama akae chini na kumpakata mbele.

Sheria hizi haziishii kwenye vyombo vidogo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na watu 228 walipoteza maisha. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Nchi kavu ilikuwa inaonekana. Mara nyingi watu husahau kuwa hatari huongezeka chombo kinapokaribia kufika, pale kila mtu anaposimama na kusogea upande wa kushukia. Kwenye mtumbwi, mtoto ashuke akiambiwa, mmoja mmoja, baada ya chombo kushikwa.

Jaketi la saizi yake

Hakuna umbo lisilopinduka. Kwa hiyo jaketi la kujiokolea linakuja baada ya yote haya, nalo halina mbadala.

La mtoto linachaguliwa kwa kilo zake zilizoandikwa kwenye jaketi, wala si kwa umri. Akishavaa na kufungwa, mshike mabegani kwenye jaketi na kumwinua kidogo. Likipanda hadi kwenye kidevu na masikio, ni kubwa mno, na majini atachomoka chini yake. Kwa watoto wadogo tafuta lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Livaliwe ufukweni. Jaketi lililokaliwa kama mto halivaliki tena chombo kikishapinduka.

Dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko vizuri linaweza kubeba karibu kilo 5 juu ya maji. Haliwezi kuwa badala ya jaketi kwa sababu halishiki kichwa cha mtoto juu. Lakini likifungwa kamba ni kitu kizuri cha kumrushia aliyeanguka.

Chombo kikipinduka

Kwanza, shikilieni mtumbwi. Wa mbao huendelea kuelea hata ukiwa umejaa maji, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Mtoto apandishwe juu ya tumbo lililogeuka. Wengi wanaojaribu kuogelea kwenda nchi kavu huipima vibaya njia na kuishiwa nguvu katikati.

Aliyeko ufukweni asijirushe majini bila kitu. Arushe dumu au kamba, anyooshe pondo au tawi, aite watu. Namba 112 inampata polisi na 114 inalipata Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unaomeza maji hauna nafasi ya kuita, na mikono inasukuma maji badala ya kupunga. Ukimya wa mtoto aliye majini ni sababu ya kumtazama mara moja.

Akitolewa, usimning'inize miguu juu na usimkamue tumbo. Hayo hupoteza dakika na yanaweza kurudisha matapishi kwenye njia ya hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inamisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, mpe pumzi 2 hadi 5 za mwanzo ukitazama kifua kikipanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Tumia vidole gumba viwili kwa mtoto mchanga, kiganja kimoja kwa mtoto mdogo. Endelea kwa pumzi 2 na kubonyeza mara 30 hadi apumue au msaada ufike.

Akizinduka, mvue nguo zilizolowa, mfunike na umpeleke kituo cha afya hata kama anasema yuko sawa. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Maneno ya kusema ufukweni

Kinachowazuia wazazi wengi si kutojua. Ni haya. Mwenye mtumbwi ni mzee wa kijiji, au shemeji, au mtu aliyevusha watu tangu ujana wake. Kumwambia chombo chake kimejaa kunaonekana kama dharau.

Heshima na usalama vinaweza kukaa mtumbwi mmoja. "Shikamoo mzee. Tunaomba watoto wakae chini kabla hatujaondoka, hawajazoea." Au: "Baba, sisi tutasubiri awamu ya pili, hatuna haraka." Hakuna nahodha mwenye busara atakayechukia sentensi hizo, na anayechukia amekupa jibu ulilokuwa unalitafuta.

Mzazi aliyebaki Tunduma naye anayo nafasi. Akipiga simu jioni kuuliza kama watoto wamefika na wamekula, aongeze maswali mawili. Je, wataingia ziwani na nani? Na jaketi la huyu mdogo lipo?

Kisha amwombe mtoto mwenyewe simu, amkumbushe alichomfundisha nyumbani akiwa ameketi ndani ya beseni kubwa uani: kaa chini, kaa katikati, kikiyumba usisimame.